Barua kwa mwanangu: kabla hujaagiza zile zawadi 320

Mwanangu mpendwa,

Orodha yako imefika na nimeisoma yote, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Huku sote hatujambo. Kikohozi cha baba yako kimepungua, ila anakataa kuvaa sweta. Mpigie wewe umwambie, mimi hanisikii.

Nianze na lililoninyima usingizi. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, kwa herufi ndogo, umeandika: "Zawadi za wageni, tutakopa." Ukumbi umeulipia, chakula umekilipia, nguo zimeshonwa bila deni, na hilo nalisema kwa fahari maana wengi hawafiki hapo. Halafu unataka kukopa kwa ajili ya kijichupa cha asali kinachoenea kiganjani. Marejesho yanaanza lini? Umeandika mwenyewe, mwezi mmoja baada ya harusi, kwa miezi sita. Ni mwezi huohuo mtakaolipia kodi ya nyumba mpya. Wageni watakuwa wamekwisha kula asali, chupa wameweka pini, na nyinyi bado mnalipa.

Sikukatazi kuwapa wageni kitu. Zawadi ya mgeni ina thamani yake, ila thamani hiyo ina kipimo, na kipimo changu ni kimoja tu: je, siku ya tatu baada ya harusi kitu hicho kimeliwa au kinatumika? Kama jibu ni ndiyo, kinunue kwa pesa uliyonayo. Kama jibu ni hapana, hata kikipunguzwa bei nusu bado ni ghali.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu umeifanya vizuri mahali pengi na mahali pengine umekimbia.

Umechukua bei ya asali na chupa, ukazidisha kwa 320, ukaiita gharama. Hujahesabu kuvisha. Nimezipanga zile bei ulizoletewa: tukisema asali na chupa yenye kifuniko ni 10, basi kijiboksi ni 4, kadi ya shukrani ni 2, utepe na lebo pamoja ni 2. Umefika 18 na katoni za kusafirishia bado. Karibu nusu ya pesa inakwenda kwenye vitu ambavyo mgeni atavifungua na kuvitupa. Hapo ndipo bajeti za zawadi zinapopasukia siku zote, kwenye kile kinachoizunguka zawadi, na mtu hagundui mpaka mwenye vijiboksi ameleta ankara yake.

La pili ni idadi. Wageni 320 si zawadi 320. Nimepitia majina yote. Wanandoa ni jozi 96, hao ni watu 192. Familia za baba, mama na watoto wawili ni 24, hao ni 96. Wanaokuja peke yao ni 32. Jumla ni 320 kama ulivyosema, lakini nyumba ni 152. Zawadi ya aina hii hutolewa kwa nyumba. Mume na mke hawahitaji vijichupa viwili vya asali ileile kwenye kabati moja. Ongeza 8 kwa ajili ya wanaokuja bila kutarajiwa na kwa vitakavyovunjika njiani, unafika 160. Ni nusu kamili ya ulichotaka kuagiza. Kwa kalamu tu, mwanangu, kabla hatujagusa kitu kingine chochote, na mkopo wenyewe sasa hauna sababu.

Lakini ukitoa kwa nyumba, lazima iandikwe hivyo kwenye kadi ya kiti: jina la familia, si la mtu mmoja mmoja. Zawadi zikiwekwa tu katikati ya meza bila majina, wa kwanza kukaa atachukua mbili, na wa mwisho atakuta kikapu kitupu na kujiona amesahauliwa. Hapo umetumia pesa kumsononesha mtu.

Utepe nao umekosea, na hapa nakulaumu kidogo kwa sababu kushona unajua. Kijiboksi cha sentimita 6 kila upande, ukikizungushia utepe mara moja unatumia sentimita 24. Fundo na kipepeo chenye ncha mbili vinataka 30 nyingine. Hiyo ni 54, ukikata kwa 55 uko salama. Wewe umeandika 40. Kwa 40 utapata fundo kavu na ncha fupi zisizolala vizuri, kisha usiku wa manane mtatumana kutafuta utepe mwingine wa rangi ileile, na hamtaupata, kwa sababu rangi hutofautiana kutoka mchovyo mmoja wa kiwandani hadi mwingine. Rola nyingi za utepe zina karibu mita 22. Kwa vipande vya 55 kila rola inatoa 40. Vijichupa 160 ni rola nne kamili, nunua tano, zote siku moja na kutoka katoni moja. Ncha zikate kwa mshazari, na kama ni wa satini wa plastiki zipitishe haraka karibu na moto wa mshumaa zisichanike nyuzi.

Ila mimi ningekifuta kijiboksi chote. Chupa ya kioo yenye asali ni nzuri ikiwa uchi. Mwanga unapita ndani yake na mgeni anaona alichopewa. Ukiificha kwenye boksi umelipa 4 ili kuficha 10. Bila boksi, kamba nyembamba ya pamba ya sentimita 30 shingoni mwa chupa pamoja na kadi ndogo inatosha, na hesabu yote ya utepe niliyoandika hapo juu inafutika.

Na majina yenu na tarehe, tafadhali yasichapwe kwenye kioo. Najua sampuli uliyotumiwa inapendeza. Lakini kilichochapwa hakirudishwi dukani. Harusi ikisogezwa wiki moja, kwa ugonjwa au kwa ukumbi kuingiliana, una chupa 160 zenye tarehe ya uongo. Herufi moja ya jina la mkwe wangu ikikosewa, ni hivyohivyo. Isitoshe, watu hawaweki kitu chenye majina ya wengine kwenye meza yao ya chakula, hukisukuma nyuma ya kabati. Majina yaandike kwenye kadi. Kadi inachapwa upya kwa siku moja.

Asali yenyewe ni uchaguzi mzuri, na hapo umenifurahisha. Inaliwa, haiozi, haitaki jokofu. Lakini ina taabu zake na nataka uzijue zote kabla hujalipa.

Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina karibu kilo 1.4. Kijichupa cha mililita 40 kinachukua gramu 55 hivi. Kwa 160 hiyo ni kilo 8.8. Nunua kilo 10, kwa sababu nyingine hubaki kwenye kuta za ndoo na kwenye povu la juu. Usinunue kwa lita halafu ukapiga hesabu kwa kilo, au kinyume chake, watu wengi huishia pungufu kwa njia hiyo. Chupa nunua 170. Kioo chembamba hupasuka kwenye katoni, na vifuniko vingine havifungi sawasawa hata vikiwa vipya.

Chupa zioshwe na zikauke kabisa, usiku mzima zikiwa zimeinamishwa juu ya kitambaa safi, kisha zigeuzwe zipigwe na hewa. Tone la maji likibaki ndani linailainisha asali pale chini, na asali iliyoingiwa na maji huanza kuchacha. Kifuniko kinavimba, kikifunguliwa kinatoa povu, na mgeni anadhani umempa kitu kibovu. Vifuniko pia vikaushwe, hasa ndani ya mikunjo yake. Hapo ndipo maji hujificha.

Lebo zibandikwe kwanza, kabla ya kujaza, kwenye kioo kikavu kilichopanguswa kwa spiriti. Asali ikishachuruzika nje hakuna gundi itakayoshika. Na mwambie anayechapa atumie printa ya leza. Wino wa printa ya kawaida ukiguswa na kidole chenye maji unatapakaa.

Siku ya kujaza, ndoo ya asali ikae ndani ya beseni la maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, kama nyuzi 40, mpaka itiririke kama uzi. Usiiweke jikoni motoni, joto kali huifanya iwe nyeusi na kuondoa harufu yake. Ikae saa chache ili povu lipande juu, uliengue. Jaza kwa jagi lenye mdomo mwembamba, polepole, acha nafasi ya nusu sentimita juu. Pangusa mdomo wa chupa kwa kitambaa chenye maji ya moto kilichokamuliwa, kisha kausha, ndipo ufunge. Mdomo ukibaki na asali, kifuniko kitaganda na mzee hataweza kukifungua. Kisha zigeuze zote kichwa chini juu ya karatasi kwa saa 24. Karatasi itakuonyesha zipi zinavuja. Usiruke hatua hii. Chupa moja inayovuja ndani ya katoni inalowesha lebo za wenzake kumi na kuita sisimizi kwenye vitambaa vya meza.

Jaza wiki mbili au tatu kabla, si miezi miwili. Asali nyingi huganda na kuwa chembechembe ikikaa, na hasa mahali pa baridi. Si mbovu, wala si kwamba imetiwa sukari, lakini kwenye chupa ndogo inaonekana ya ukungu na watu watanong'ona. Ikiganda, irudishe kwenye maji yaleyale ya uvuguvugu.

Kwenye kadi, chini ya shukrani, andika mstari huu bila kuona haya: asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyomwumiza mtoto mchanga vibaya, hata kama mtu mzima haimdhuru. Familia 24 zinakuja na watoto. Nimeangalia orodha nzima na mstari huo haukuwamo.

Wageni wanaosafiri kwa ndege wape kitu kingine. Mililita 40 zinapita kwenye ukaguzi wa vimiminika vya mkononi, ambao kawaida yake ni 100, lakini nchi nyingine haziruhusu asali kuingia kwa kuogopa magonjwa ya nyuki. New Zealand ni mojawapo. Hutaki rafiki yako anyang'anywe zawadi uwanja wa ndege, au atozwe faini kwa kutoitaja.

Muda pia hukuuhesabu. Kujaza, kupangusa, kubandika, kukunja boksi na kufunga utepe ni dakika 5 kwa kimoja ukiwa umezoea. Mara 320 ni dakika 1,600, yaani saa 26 na dakika 40. Ulipanga kuzifanya lini, usiku wa kuamkia harusi? Bila boksi, kwa 160, ni dakika 3 kimoja. Hizo ni saa 8. Watu wanne mnamaliza kwa saa mbili mkiketi kwa mstari: mmoja anajaza, mmoja anapangusa na kufunga, mmoja anafunga kamba, mmoja anapanga na kuhesabu. Anayehesabu asifanye kazi nyingine yoyote.

Yale mengine uliyoyaandika pembeni nayajibu kwa ufupi. Chokoleti hapana, inaanza kulegea kabla hata ya nyuzi 30, na ukumbi uliojaa watu hufika hapo upesi. Mshumaa wenye manukato hapana, utalegea ndani ya gari lililofungwa juani, na harufu yake mezani inapigana na chakula. Sabuni za kutengeneza mwenyewe ni nzuri, lakini sabuni isiyopikwa inahitaji wiki nne hadi sita kukomaa na muda huo umekwisha. Mche wa maua kwenye kikopo hapana kabisa, labda kwa wageni 30 wenye bustani. Unavuja, ni mzito, na mtu aliyevaa vizuri hataki udongo mapajani. Vishikizo vya funguo usivitaje tena.

Na kama utashawishika kuagiza chochote kutoka mbali kwa sababu kinaonekana rahisi, uliza kwanza kama mzigo unatozwa kwa uzito au kwa ukubwa. Makampuni ya kusafirisha kwa ndege huzidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, kisha hugawanya, mara nyingi kwa 5,000. Katoni ya 60 kwa 40 kwa 40 inahesabiwa kilo 19.2 hata kama kwenye mizani ni kilo 6. Vijiboksi vilivyokwisha kukunjwa ni hewa unayoilipia nauli.

Nirudi kwenye mkopo. Umeniambia upande wa pili walitoa zawadi kwenye harusi ya binamu yao na mkikosa mtaonekana wachoyo. Mwanangu, mgeni hakumbuki kwamba hakupewa kijichupa. Anakumbuka kwamba alisimama saa nzima kwa kukosa kiti, kwamba maji ya kunywa yaliisha, kwamba chakula kilimfikia kimepoa, kwamba bi harusi hakufika kwenye meza yake. Pesa ya zawadi iwe ya mwisho kabisa, baada ya hayo yote kutimia. Ukurasa wako wa pili una viti 300 kwa watu 320. Ulitaka kuwapa watu 20 asali wakiwa wamesimama? Viti kwanza. Na ukiuliza kwa nini nashikilia hivi, hesabu za harusi ya kaka yako hujawahi kuziona, na si kwamba zilipotea.

Kama hata 160 bila boksi haziingii kwenye pesa mliyonayo leo, acheni zawadi yenyewe, msiombe radhi, na msitangaze. Pigeni picha kila meza. Meza 32 za watu kumi, dakika mbili kila moja, ni saa moja na dakika nne, kwa hiyo igawanyeni mara mbili: nusu wakati wa vinywaji na nusu wakati wa chakula. Mpiga picha ajue mapema, na awe na orodha ya namba za meza. Kisha ndani ya mwezi mmoja mtumieni kila mtu picha ya meza yake na mistari miwili inayotaja jina lake. Mtu huitunza picha aliyomo yeye mwenyewe. Hii inataka muda wenu badala ya pesa, na muda mtakuwa nao msipokuwa na deni la kuhangaikia.

Na kama mnataka ile njia ya kutoa sadaka kwa niaba ya wageni, lipeni kwanza ndipo mchape kadi. Kadi inayosema "tumetoa" wakati pesa bado haijatoka itawasumbua dhamiri.

Mkiamua asali, namna ya kuzigawa ni hii: ziwe mezani kabla watu hawajaingia, kila moja na jina la familia. Usiziache mlangoni kwa ajili ya kuondoka. Watu huondoka kwa nyakati tofauti, wengine kwa mlango wa nyuma, na anayezilinda atataka kucheza kama wengine. Bakisha 8 za akiba chini ya meza ya keki na mwambie mtu mmoja tu zilipo.

Chupa unaweza kuzihifadhi hapa. Stoo ina nafasi ukutani upande wa mashine ya kushonea, lakini bati linavuja kwenye kona ya dirisha na baba yako amesema atalipanda mwenyewe, jambo ambalo nimelikataza. Fundi anakuja Jumamosi. Katoni zisikae sakafuni hata hivyo, ziwekeni juu ya mbao. Mdogo wako anauliza kama zile suti mbili ulizoacha kabatini anaweza kuzitoa, anataka nafasi ya vitabu vyake, na mimi nimemwambia asiguse kitu mpaka umjibu. Viatu vyako vyeupe nimevipa rangi, lakini soli ya kushoto imeanza kuachia, itazame kabla hujavipanga kwa siku ile.

Mwenye chupa anataka kujua idadi kabla ya Ijumaa. Nimemwambia 170 na asitengeneze chochote chenye maandishi. Niambie kama nimekosea, lakini uniambie pamoja na jibu la ule mkopo, kama umesaini au bado. Kama bado, usisaini. Kama umesaini, nipigie usiku wowote, tutatazama kama unaweza kurudishwa kabla haujatumika.

Ukija uje na ufunguo wako wa stoo. Huu wangu umekatikia ndani ya kufuli la zamani, na fundi atahitaji kuingia.

Msalimie sana mkwe wangu.

Mama yako